Mwaka Wangu Katika Jiko la Mama Jotham

Mama mkwe wangu alifariki mwezi uliopita, Jumanne alasiri, akiwa ameshiba. Nalisema hili kwanza kwa sababu yeye mwenyewe angetaka lijulikane. Alikuwa amekula viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa njugu. Akaomba nyongeza, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akaegemea kiti chake mlangoni pa jiko apate jua, na nilipotoka na chai ya mchaichai alikuwa ameshaenda. Chumvi haikuwa imezidi. Nimemlilia na nimemzika, lakini katika hilo simpi ushindi hata akiwa kaburini. Tangu tuliporudi nyumbani Kiamunyi kutoka mazishini, majirani wanaokuja kunipa pole huniuliza kuhusu miaka yote niliyoishi naye, nami hujikuta naongea juu ya mwaka mmoja tu, ule wa kwanza. Wananivumilia. Mfiwa huachwa aseme atakalo.

Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na tatu. Wakati huo Kiamunyi haikuwa na haya maghorofa ya kupangisha. Ilikuwa mashamba ya mahindi, ua wa kayaba, na nyumba chache ambazo watu walizijenga polepole, chumba kimoja kila walipojaliwa. Enos, mume wangu, alikuwa fundi wa mabomba kwenye mitambo ya mvuke karibu na Naivasha. Aliondoka Jumapili jioni akarudi Ijumaa, kwa hiyo kusema kweli niliolewa na mama yake. Sisi tulipewa vyumba viwili upande wa nyuma. Mama, ambaye majirani walimwita Mama Jotham kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikaa nyumba kubwa, na katikati yetu palikuwa na jiko: chumba cha mbao chenye sakafu ya saruji, meza moja, rafu mbili za mikebe, jiko la makaa, stovu ya mafuta ya taa, na dirisha lililotazama mgomba. Kwa desturi ya kwao, mke mpya hawashi moto wake mwenyewe. Hupika katika jiko la mama mkwe mpaka mama mkwe aone inatosha. Siku hiyo jamaa huitwa, naye humkabidhi mafiga matatu, chungu na mwiko, na tangu hapo mke huyo ni mwenye nyumba kamili. Kwetu, kule Bahati, tulikuwa tumeshayaacha mambo hayo, lakini nilipoyasikia niliyapenda. Nilitaka siku yangu. Niliambiwa huwa ni miezi miwili au mitatu, nikaanza kuhesabu.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba nyumba ile haikupika nyama. Mama alikuwa muumini wa lile kanisa linalosali Jumamosi, na pale wengine walipopunguza nyama yeye aliiacha kabisa, pamoja na maziwa na mayai, kwa imani kidogo na kwa ukaidi mwingi. Mimi nilitoka kwa watu ambao mgeni asipochinjiwa anaondoka akijua hakupendwa. Siku ya tatu nilimwuliza Enos kwa sauti ya chini, "Kwani nyama mnakulanga lini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Ukienda kwenu." Nilikaa kitandani nikajionea huruma. Nilidhani nimeolewa kwenye nyumba ya maharagwe ya kuchemsha na chumvi, na sukuma iliyolainika hadi kupoteza rangi, kama tulivyopikiwa bwenini.

Ilinichukua wiki moja tu kujua kwamba nilikuwa mjinga. Mama alipika ndengu kwa nyanya zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo wauzaji wa sokoni huzitupia kando, na alipokatia dhania juu yake hukutaka kuona mtu wala kusikia habari. Alipika managu pamoja na kunde ili uchungu wa hayo upoozwe na utamu wa haya. Alisaga njugu kwenye kinu, akazikoroga kwa maji ya moto mpaka zikawa rojo, akamwagia mboga, na mboga ikawa tajiri kuliko mchuzi wowote wa nyama niliowahi kuula. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, akachuja majivu yake kwa maji, na matone machache ya maji hayo yakalainisha mrenda, ile mboga ya kuteleza, bila kuuharibu rangi. Katika boga hakikutupwa chochote: nyama yake ililiwa, majani yake yaliingia kwenye githeri ya mahindi na maharagwe, mbegu zilikaangwa. Kile chakula cha viazi vitamu na maharagwe, ambacho kwao huitwa mushenye, nilikiita mukimo, kama viazi vya kupondwa vya kwetu, siku ya kwanza, akanitazama kwa huruma. "Mukimo ni mushenye uliopotea njia," akasema.

Na ilikuwa haraka. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu hata kabla sijampenda. Ijumaa jioni tulisikia lango likilia Enos anapoingia, na kabla hajamaliza kuvua viatu, kunawa na kuuliza habari za nyumbani, sahani ilikuwa mezani ikifuka moshi. Siri yake kubwa ilikuwa kikapu. Kilikuwa kiondo kikubwa cha kawaida, alichokishonea ndani vipande vya blanketi kuukuu, na kwa juu akakiwekea mto uliojaa vitambaa vilivyochanwachanwa. Maharagwe yaliyolala kwenye maji aliyatokosa asubuhi kama nusu saa, akayatumbukiza na sufuria yake ndani ya kikapu yakiwa yanachemka, akayafunika kwa ule mto. Basi. Hakuna makaa wala mtu wa kukaa karibu. Mchana ulikuta yameiva yenyewe, laini, hayajapasuka. Alikibuni kwa sababu ya Jumamosi, siku ambayo hakuwasha moto, lakini mwaka ule nilipofika alikitumia kila siku ya wiki, na mimi nikadhani ni ubahili. Nilipokaribia kuufunua mto nionje, alisema kutoka popote alipokuwa, "Wairimu, wacha maharagwe yalale." Sikuelewa alinionaje.

Mwezi wa pili nilitenda kosa ambalo bi arusi yeyote wa kwetu angelitenda akitaka kupendwa: nilipanga jiko. Mama alikuwa ameenda kanisani kwenye mkutano wa kina mama. Nikateremsha mikebe yote, nikaiosha, nikafuta rafu, nikatandika magazeti yaliyokatwa kwa mapambo, nikairudisha mikebe kwa urefu wake, mirefu nyuma na mifupi mbele. Ilipendeza mno. Jioni Mama akaingia, akafanya ndengu kwa kasi yake ile ile, mkono ukaenda kwenye rafu, ukachota, ukarudi. Tulipokaa mezani, ndengu zilikuwa tamu kama chai ya sherehe. Alikuwa amezitia sukari, vijiko viwili. Enos alikuwepo, akaendelea kutafuna. Mimi nikacheka. Mama hakucheka. Aliweka kijiko chini, akauliza nani aliyegusa rafu yake, na nilipojibu, alinikaripia kwa maneno ambayo sijawahi kuyasikia tena kutoka kinywani mwake. "Kitu changu kikiwekwa hapa kinakaa hapa! Kama hutaki hivyo ngoja upate jiko lako!" Nilitoka nikalia kwenye mgomba. Kesho yake Mama Shiru, jirani yetu, alinisikiliza juu ya ua, akapiga makofi kwa huzuni. "Huyo anakutesa, msichana. Na ngoja uone, jiko hakupei. Mwaka utaisha."

Nilimwamini, hasa kwa sababu ya ungo. Katika jiko lile kazi zote Mama alizifanya mwenyewe, na kwa ufundi, isipokuwa kuchagua. Maharagwe, ndengu, mchele, wimbi, kila kitu chenye mawe na takataka kilimiminwa kwenye ungo na kuwekwa mapajani mwangu. Yeye alikaa kando, mikono imekunjwa, akinipigia hadithi. Hata alipokuwa hana kazi hakunisaidia punje moja. Nilijiambia kwamba huo ndio ubibi wa watu wengine, kuwa na mtu wa kumchagulia maharagwe. Nilichagua nikiwa nimenuna, na siku nyingine niliacha jiwe dogo makusudi, halafu roho ikanisuta nikalitoa.

Jotham alikuja likizo ya Pasaka. Alifanya kazi Nairobi, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, mwema, mwenye kuamua mambo ya watu kabla hawajamaliza kuyaeleza. Siku hiyo nilikuwa nimeenda mtaa wa Section 58 kwa fundi wa nguo, na fundi akanichelewesha. Niliporudi chakula kilikuwa kimeandaliwa. Nikanawa, nikakaa, na Jotham alipotia kijiko cha tatu kinywani tulisikia sote. Mlio wa jiwe kwenye jino si kitu cha kuuliza ni nini. Akatema kwenye kiganja: maharagwe, jiwe jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi, na kipande cha jino. Akanitazama mimi. Kila mtu angenitazama mimi.

"Shemeji, haya maharagwe nani alichagua?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na fundi wa nguo kama shahidi. Lakini kabla ya kufungua mdomo nilimtazama Mama, nikitaka kuona atafanyaje, na nikaiona mikono yake. Ilikuwa juu ya meza, inatembea polepole kutafuta kikombe cha maji ampe mwanawe, na kikombe kilikuwa hapo hapo, kando ya kidole chake kidogo. Mkono ukakipita. Ukarudi, ukakipita tena. Uso wake ulikuwa umeelekea kwa Jotham barabara, umetulia, kama uso wa mtu anayeona. Sijui kama nilielewa au niliogopa tu. Nikasema, "Ni mimi. Nisamehe, shemeji." Jotham akasema si kitu, ajali kazini, akatafuna kwa upande mmoja siku zote za likizo.

Jioni, Jotham alipokuwa ametoka na Enos kuwasalimu watu, Mama alinifuata jikoni, akafunga mlango. "Wairimu," akasema, "nimekukosea. Umebeba mzigo wangu na mimi nikanyamaza." Kisha akanieleza akiwa amesimama, ameshika ukingo wa meza. Ilikuwa presha ya macho. Ilianza miaka mitatu nyuma. Nuru ya pembeni ilikuwa imekwenda yote. Ilibaki ya katikati, kama kuchungulia kwenye tundu la kufuli, nayo ilikuwa ikifunga. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Ile mikutano ya kina mama ilikuwa kliniki. Hakuna aliyejua. "Jotham akijua atanipeleka nyumbani," akasema, akimaanisha kule Magharibi. "Ameshajenga nyumba. Ataniwekea msichana wa kunipikia. Nitakaa kwa kiti, niletewe sahani, nichukuliwe sahani. Sasa mimi nitakuwa nani?" Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayeuliza saa. "Jiko ndilo limebaki ninajua kila kitu mahali kilipo."

Nikakumbuka mikebe niliyoipanga kwa urefu na magazeti yenye mapambo, nikaona haya mpaka masikio yakapata moto. Tulipatana hapo hapo, na ninakiri mimi ndiye niliyeweka masharti, kwa sababu nina kichwa kigumu. Matone hayatakosekana hata siku moja. Kliniki tutaenda wote wawili. Stovu ya mafuta ya taa nitaiwasha mimi. Na siri haitakuwa ya milele. Siku macho yakizidi kuharibika, atawaambia wanawe kwa kinywa chake. Akakubali yote, kisha akaongeza sharti lake. "Na wewe utajifunza kupika vizuri. Si huku kukoroga unakokoroga."

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nilivyo. Mtu anaweza kudhani nilikuwa nikimsaidia kipofu. Ilikuwa kinyume. Mimi ndiye niliyekuwa na macho na sikuona kitu. Alinifundisha kwamba kitunguu kikitiwa kwenye mafuta hupiga kelele kwa sababu kina maji, na kelele ikianza kushuka ndipo nyanya huingia. Ukingoja kinyamaze kabisa umechelewa. Alijua maji ya ugali kwa mlio, aliujua unga kwa kuusugua kati ya vidole viwili, na alijua ugali umeiva kwa harufu ya ukoko unapoanza kuachana na sufuria. Alikata sukuma nyembamba kama nyuzi bila kutazama, kidole gumba kikiongoza kisu, na mimi mwenye macho mawili mazima nilijikata kila wiki. Alipima chumvi kwenye kiganja. Alinituma sokoni na maagizo ambayo yalikuwa masomo: nisinunue kunde zinazong'aa sana, ninuse shina la kabeji, nibonyeze parachichi karibu na kikonyo wala si tumboni. Nilirudi akapokea kila kitu kwa mikono, akageuzageuza, akatoa hukumu. Mara nyingi nilishindwa. Siku nilipoleta nyanya zilizompendeza alisema, "Hee," basi, nami nikatembea juu ya mawingu hadi jioni.

Na tulikula! Wimbi na ndizi mbivu asubuhi. Kamande na viazi. Uyoga wa mvua ya Aprili uliochemshwa kwa njugu. Nduma zilizopoa, na chai isiyo na maziwa ambayo niliichukia kwanza, halafu nikashindwa kuinywa nyingine. Nilipoenda kwetu wakanichinjia kuku, nikala kwa adabu, nikarudi Kiamunyi nikiwa na hamu ya mrenda. Mwili ulikuwa mwepesi, ngozi imetakata, hata Mama Shiru aliniuliza ninajipaka nini. Kufikia mwezi wa kumi nilipika wiki nzima bila Mama kuinuka kwenye kiti chake. Alionja, akanyamaza, akala. Enos akija Ijumaa hakuweza kutofautisha mkono wangu na wa mama yake, na siku niliyomwambia kwamba mboga ile ilikuwa yangu alibisha. Nilikuwa nimehitimu. Kwa haki yoyote ile, mafiga yalikuwa yangu, na sikuacha kuyataka. Nitasema ukweli: niliyataka zaidi kwa kuwa sasa nilistahili.

Desemba Jotham alikuja, safari hii na Senje Joyce, dada ya marehemu baba yao, mwenye neno la mwisho katika desturi za nyumba ile. Senje alishuka na furushi. Ndani yalikuwamo mafiga matatu yaliyofungwa kwa kanga, chungu kipya, na mwiko. Nilipoviona moyo uliruka kwa furaha, na haukukaa juu muda mrefu.

"Mwaka umeisha," Senje alisema baada ya chai. "Mama Jotham, huyu mtoto wa watu unamweka hivi mpaka lini? Leo tunampatia jiko yake."

"Na akishapata," Jotham akasema kwa furaha, akimshika mama yake bega, "wewe umemaliza kazi, Mama. Umelea, umeozesha, umefunza. Tunaenda na wewe nyumbani Januari. Nyumba iko tayari, na nimepata msichana wa kukupikia. Hutagusa hata kijiko."

Alisema kwa upendo. Ningependa msomaji aelewe kwamba hakuna mtu mbaya katika sebule ile. Mama alikuwa ameketi wima, mikono mapajani. Akasema polepole kwamba bado ana nguvu. Jotham akacheka, akasema kila mzee husema hivyo. Enos alinitazama akitabasamu, akijua jinsi nilivyoisubiri siku hiyo. Nikaelewa hesabu yote kwa mara moja: mafiga yale yakitua kwangu, Mama hana sababu ya kubaki. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Lakini Senje, mimi bado sijui kupika."

Wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu wa bi arusi. Senje akajipiga paja. "Basi tuone. Leo Mama Jotham asiguse kitu. Wewe pika peke yako, ndengu na kunde na ugali, si kitu cha ajabu. Sisi tunakaa hapa mlangoni." Wakaweka viti viwili mlangoni pa jiko, Senje akaketi, na Mama kando yake. Nikaingia.

Nilikuwa nimejifunza kupika vizuri. Sikujua kwamba kupika vibaya kunataka ujuzi mwingi hivyo. Mikono yangu haikutaka. Nilitia mafuta, nikatia kitunguu, kikaanza kuimba. Kelele ikashuka. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika bakuli la nyanya, ikabidi niurudishe nyuma. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama alivyofanya siku zote. Kitunguu kikanyamaza. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka kutoka pajani, ukaganda hewani, na nikaona uso wake ukijaa swali. Harufu ya kuungua ikatoka. Senje akakohoa. Mama akabaki vile, mkono juu, na kisha, polepole sana, akaurudisha pajani, akaufunika kwa mkono mwingine. Alikuwa ameelewa. Angeweza kusema neno moja tu, "Nyanya," na kila kitu kingebadilika. Alifunga mdomo, na mimi nikaendelea kuharibu.

Niliharibu kila kitu. Njugu zikashika chini ya sufuria. Kunde nikazichemsha hadi zikawa rangi ya gunia. Unga nikautia kabla maji hayajachemka, ugali ukatoka na mabonge mabichi ndani. Chumvi nikaitia mara mbili. Nikapakua nikiwa nimeinamisha kichwa, na haya niliyokuwa nayo hayakuwa ya kuigiza, kwa sababu hakuna mwanamke anayeweka sahani kama ile mbele ya wakwe zake bila kufa kidogo. Jotham alitafuna mara moja akaacha. Enos alinikazia macho, akatazama sahani, akanitazama tena. Kisha akala yote, bonge kwa bonge. Niliolewa vizuri.

"Uuwi!" Senje akaita. "Mama Jotham! Mwaka mzima ulikuwa unafunza huyu nini?"

Mama alitafuna kwa muda mrefu. "Ni mgumu kufundishika," akasema. "Nimejaribu."

"Sasa tutafanya nini?"

"Ni mtoto mzuri, lakini jikoni..." Akatikisa kichwa. "Huyu atachukua miaka. Hata chai hajui."

Hapo nilitaka kusema kitu. Chai yangu haikuwa na kasoro. Lakini Jotham alikuwa ameshaweka kijiko chini na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeamua, kwamba basi Mama atalazimika kukaa mpaka huyu ajifunze, la sivyo Enos atakufa njaa. Senje akayafunga mafiga yake tena ndani ya kanga. Nilimtazama akikaza fundo, na nakiri niliumia.

Walipolala mchana, Mama alinikuta naosha vyombo. "Senje atakusema kutoka hapa mpaka Busia," akaniambia. "Kwetu mwanamke akipewa jina la asiyejua kupika halimtoki." Nikamwambia acha lisitoke. Akaipapasa meza mpaka akaipata ile sufuria niliyoiunguza, akaketi chini nayo, akachukua mchanga na majivu, akaanza kuisugua. Aliisugua hadi jioni. Kila nilipotaka kumpokea aliivuta kifuani.

Alitimiza ahadi: mwaka uliofuata, macho yalipozidi kuharibika, aliwaita wanawe akawaambia mwenyewe. Jotham alilia kama mtoto, lakini kufikia hapo alikuwa ameshaona kwamba mama yake anapika vizuri gizani kuliko wengine mchana, akamwacha. Kuhusu chakula kile cha Desemba hakuwaambia, nami sikuwaambia. Enos alikuja kujua, kwa sababu mume hujua. Mafiga sikupewa kamwe. Tulipika katika jiko moja maisha yake yote, na sijawahi kukutana na mtu aliyenifundisha mengi zaidi kwa vitu vichache zaidi.

Siku ya mazishi, kule Magharibi, kina mama wa kanisa walikuwa wakihangaika na sufuria nyuma ya nyumba, nami nikainuka kwenda kusaidia. Senje Joyce, mzee sasa, mdogo kama kifaranga ndani ya shali yake, alinishika sketi. "Wewe kaa," akasema, na wanawake wote chini ya hema wakageuka. "Mboga ya watu usiharibu. Kwani hata sasa ulishajifunza kupika?" Wakacheka, kicheko cha huruma cha matanga. Enos alikuwa karibu. Aliniinamia akaninong'oneza, "Waambie sasa. Mama hayuko, hakuna wa kumpeleka popote." Ilikuwa kweli. Nilifungua mdomo. Jeneza lilikuwa hatua chache kutoka tuliposimama, limefunikwa kitambaa cheupe, na watu walikuwa wakipita kumuaga mama ambaye, walivyojua wao, hadi mwisho aliipikia nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Bado, Senje," nikasema, nikakaa.